Ziada na Keki Iliyokaguliwa Oili

Kijijini Kinjumbi, keki haikatwi mpaka mtu mmoja aulize kama oili imekaguliwa. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu kwenye harusi ya mwaka juzi. Bibi harusi ameshika kisu, keki yenyewe imeokwa ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ikapakwa sukari ya rangi ya waridi. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono kama mjumbe mkutanoni.

"Oili?"

"Imekaguliwa!" wakajibu wanawake wote kwa pamoja.

"Maji?"

"Yamekaguliwa!"

Ndipo kisu kikashuka. Mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekaa karibu nami akaninong'oneza kuuliza kama hiyo ni mila ya Wamatumbi. Nikamjibu kwamba ni mila, ila ina umri wa miaka mitano tu, na aliyeianzisha yuko kule uani anapakua pilau.

Anaitwa Ziada. Ni mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na mikono yake haitulii. Hata akizungumza nawe atakuwa anachambua mchele au anasuka ukili. Alizaliwa bara kidogo, kwenye vilima vya Umatumbi, katika nyumba ya watu wa mpunga na muhogo, akaolewa pwani akiwa na miaka kumi na saba. Mumewe ni Bakary, mtoto wa kwanza wa Bi Mwahija. Miaka miwili baada ya harusi Bakary alipata kazi bandarini Dar es Salaam, akaahidi kurudi mara moja kwa mwaka, ila mwaka baada ya mwaka mto Rufiji haukumruhusu.

Kilichobaki nyumbani kwa niaba yake ni vitu viwili: baiskeli na barua.

Baiskeli ilikuwa nyeusi, yenye taa na kengele, na Bakary aliipenda kiasi kwamba kabla ya kuondoka aliifuta kwa kanga ya mkewe bila kuomba ruhusa. Barua zilikuja kila baada ya miezi miwili au mitatu, na bahasha ziliandikwa jina la Bi Mwahija. Ndivyo ilivyokuwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo mpaka leo: kijana wa adabu hamruki mama yake akamwandikia mke. Bahasha ni ya mama, na humo ndani mke atapewa mistari yake.

Bi Mwahija hakujua kusoma. Ziada naye hakujua. Msomaji wa nyumba alikuwa Mfaume, mdogo wake Bakary, aliyemaliza darasa la saba na kutembea na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Barua ikifika, Mfaume alikaa barazani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Majirani walikuja kusikiliza. Kwanza salamu kwa mama, kisha salamu kwa wajomba na mashangazi, mmoja mmoja. Kisha ikaja sehemu ambayo Ziada aliijua kwa moyo: "Na mdogo wangu mpenzi Mfaume aendelee kuitumia baiskeli yangu bila wasiwasi wowote."

"Ndugu hao!" majirani wangesema. "Wamenyonya ziwa moja kwelikweli."

Na mwisho: "Mke wangu Ziada namsalimu."

"Basi?" Ziada aliuliza mara ya kwanza.

"Basi, shemeji. Karatasi imekwisha."

"Mbona naona imeandikwa mpaka chini?"

"Hiyo ni tarehe."

Ziada aliniambia kwamba kwa miaka miwili mistari yake ilikuwa mmoja, na ulikuwa uleule. Hakumshuku Mfaume. Alimshuku Bakary. Alifikiri kwamba mwanamume akikaa sana bandarini, maneno yake kwa mkewe hupungua kama sabuni. Ndiyo maana, lilipofunguliwa darasa la watu wazima kijijini, alikuwa wa kwanza kukaa chini. Alitaka jambo moja tu: barua ya mumewe ifike mkononi mwake, aifungue na kuisoma mwenyewe, hata kama ina mstari mmoja.

Mwalimu alikuwa Theresia, binti kutoka mji wa Mtama, mpole, mwenye sauti ndogo. Kitabu cha kwanza kilikuwa na picha juu na sentensi chini: jembe, na chini yake sentensi ya jembe, kuku, na chini yake sentensi ya kuku. Nusu ya darasa walikuwa wamesoma chuo cha Kurani utotoni, na huko walifundishwa kuhifadhi. Basi wakafanya walichokijua. Walihifadhi. Mwalimu Theresia alifungua ukurasa, watu arobaini wakaona kuku, watu arobaini wakaimba sentensi ya kuku bila kosa. Mkaguzi alikuja akasikiliza, akafuta jasho kwa furaha, akaandika kwamba Kinjumbi inasoma.

Mfaume ndiye aliyeharibu. Alipita siku moja na baiskeli, akasimama dirishani, akaomba kitabu cha shemeji yake. Alikifungua katikati, akaifunika picha kwa kiganja, akasema, "Haya, shemeji. Soma."

Ziada aliutazama mkono wa Mfaume.

"Basi nikupe kidogo," akasema Mfaume, akasogeza kidole kimoja, mkia wa kuku ukatokea.

"Kuku wetu anataga mayai mengi!" Ziada akasema haraka.

Darasa zima likacheka, na wao wenyewe walikuwa hivyohivyo. Tangu siku hiyo akaitwa Msomaji wa Picha. Watoto walimwonyesha mbuzi njiani na kumwomba awasomee.

"Alikuwa na haki," Ziada aliniambia. "Nilikuwa nasoma kuku."

Alichofanya baadaye hakukisema kwa mtu. Alipika uji mzito wa muhogo, akachana karatasi za gazeti vipande, akabandika kipande juu ya kila picha kitabuni, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kitabu kikawa kinene kama mkate. Mende walikipenda, na kila asubuhi ilimbidi akikung'ute. Lakini sasa hapakuwa na kuku wala jembe. Zilikuwepo herufi peke yake, na Ziada akakaa nazo mchana wakati wengine wamelala, akizitenganisha moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye choroko. Ilimchukua kiangazi na masika.

Alipomwendea Bi Mwahija, ilikuwa baada ya barua nyingine kufika.

"Mama, naomba hii nijaribu mimi kuisoma."

Bi Mwahija alikuwa anakunja tambuu. "Mwanangu, barua si kuku. Barua haina picha. Utanisomea nini?"

"Nimejifunza, Mama."

"Hata kasuku amejifunza. Mpe Mfaume."

Mfaume akaisoma. Baiskeli aendelee kuitumia. Mke wangu Ziada namsalimu.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na nitakaa pembeni. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, wakati vijiji vilikuwa vikihamishwa, vikipangwa, vikipewa namba na ahadi. Nilikuwa nimeomba lifti Kilwa Masoko katika Land Rover ya Bwana Eusebio, mtu wa elimu ya watu wazima, aliyekuwa akizunguka na mashine ya picha. Si sinema, zilikuwa picha zilizosimama, moja baada ya moja, kwenye mkanda unaozungushwa kwa kitufe. Kila mkanda ulikuwa na kijitabu chake cha maneno: picha ya kwanza, maneno ya kwanza, na kuendelea. Eusebio alikuwa na mikanda miwili. Mmoja ulihusu utunzaji wa trekta. Wa pili ulihusu chakula bora, nao ulitoka nchi moja ya kaskazini ya mbali sana. Picha zake zilichukuliwa kutoka kipindi cha mapishi cha televisheni yao, zikatumwa kama msaada na watu wema waliosikia kwamba huku kuna kampeni ya lishe. Vijitabu vyote viwili vilikuwa na majalada ya kijani. Nasema vilikuwa, kwa sababu mchwa wa stoo walikuwa wamekwisha kula majalada, na kilichobaki kilianzia kwenye maneno "Picha ya Kwanza."

Kinjumbi wakati huo walikuwa na hamu na trekta kuliko chakula. Lilikuwa limeahidiwa miaka miwili nyuma. Walikuwa wameshalijengea kibanda, na ndani ya kibanda kuku wa Mwenyekiti walikuwa wanataga.

Onyesho lilifanyika alasiri ndani ya ghala la korosho, kwa sababu ndilo jengo pekee lililoweza kutiwa giza. Madirisha yakazibwa kwa magunia. Matundu ya mabati yakawa kama nyota. Watu wapatao mia mbili wakakaa juu ya majamvi na magunia, katika harufu ya korosho na jasho, wakitazama ukuta uliopakwa chokaa. Land Rover ilirudishwa nyuma mpaka mlangoni, injini ikiunguruma ili betri isiishe, na Eusebio akasimama hapohapo mlangoni na mashine yake, sikio moja kwenye injini. Alikuwa hasikii kitu. Mkono wa kulia kwenye kitufe, mkono wa kushoto ukishikilia waya ambao ukiachwa taa inazimika.

"Nani atasoma?" akapiga kelele. "Mimi mikono imejaa! Mwalimu yuko wapi?"

Mwalimu Theresia alikuwa amekwenda kwao Mtama kujifungua. Macho yakamgeukia Mfaume. Mfaume alikuwa ameegemea baiskeli, aliyoiingiza ndani ili watu waione.

"Mambo ya jikoni?" akasema. "Mimi nisome uji mbele ya watu? Mpeni shemeji yangu Ziada. Kuna picha ukutani kubwa kama mlango. Atajua tu!"

Ghala likacheka. Mwenyekiti, Mzee Dadi, akasema, "Njoo, mama, usiogope," kwa sauti ya mtu anayemhurumia. Ziada akatazama mstari wa mbele. Bi Mwahija alikuwa amekaa juu ya gunia, shavu limevimba tambuu, hacheki wala hakasiriki. Alikuwa anatazama tu.

Ziada alichukua kijitabu. Akasimama pembeni ya ukuta, mahali ambapo mwanga wa mashine uliigusa karatasi, ubavu kwa picha, macho chini. Kitufe kikalia *ta*.

Ukutani ikatokea keki. Si kama tunazozijua. Ilikuwa na ghorofa tatu, nyeupe pe, ina nguzo kama za msikiti, na juu kabisa wamesimama wanasesere wawili. Watu wakavuta pumzi.

Ziada akaweka kidole chini ya herufi. "Hii ni mali ya kijiji kizima," akasoma. "Itunzwe na wote."

"Sawa!" wakajibu watu. Walikubali kabisa. Kitu kama kile kingewezaje kuwa cha mtu mmoja?

*Ta.* Ikaja picha ya pili: kitu chekundu, kinachong'aa, laini, kimesimama kwenye sahani kama kilima. Hata kwenye picha iliyosimama, ulihisi kinatikisika.

"Kila asubuhi, kabla ya kuiwasha," Ziada akasoma, "kagua oili na maji."

Mwanamke mmoja akauliza gizani, "Kuiwasha?" Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele kama maji.

Ziada alidhani wanamcheka usomaji wake. Alirudia herufi moja moja: *o-i-li*. Ilikuwa oili. Ndipo akageuka kutazama ukuta, akaona kilima chekundu, akajua kwamba maneno na picha havikuwa na undugu wowote.

"Shemeji!" Mfaume akapaza sauti. "Acha kubahatisha! Sema unachokiona! Si hicho hapo mbele yako?"

Nimekwisha kumuuliza Ziada mara nyingi alifikiri nini wakati ule. Anasema ulimi wake ulikuwa umekwisha kutaka kusema "chakula kitamu chekundu." Ingekuwa rahisi, kila mtu angeridhika, na pengine wangempigia makofi. "Lakini nikasema moyoni, nikisema chekundu, nimerudi kwenye kuku."

Akamtazama Eusebio. Eusebio, katika ngurumo yake, akamwitikia kwa kichwa kumhimiza: endelea, endelea.

*Ta.* Mzungu mmoja mnene mwenye kofia nyeupe ndefu kama debe, anatabasamu, mwiko mkononi.

"Dereva asiwe mlevi."

"Mtazame mashavu!" akasema mtu. "Huyo ameshaanza!"

*Ta.* Ndege mkubwa aliyeokwa, amelala chali, miguu juu, na kila mguu umevishwa kijikofia cha karatasi.

"Ikipinduka, usijaribu kuiinua peke yako. Waite majirani."

Kikundi cha wavulana kikaanguka juu ya magunia. Akina mama walikuwa wanajifunika nyuso kwa kanga. Mzee Dadi, aliyekuwa anajitahidi kubaki Mwenyekiti, akaanza kutikisika mabega.

*Ta.* Tambi, mlima wa tambi, zinaning'inia kwenye uma.

"Nyaya zikikatika zifungwe vizuri, zisiachwe zikiburuta chini."

Hapo Mfaume akaacha baiskeli, akapita katikati ya watu. "Mzee Dadi, huu ni mchezo! Huyu anabuni! Hajui hata herufi moja. Anatunga tu ili tucheke!"

Kicheko kikapungua. Ziada aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa sababu watu wakaanza kufikiri, na wakifikiri, maneno ya Mfaume yalikuwa na akili kuliko yake. Nani angeandika jambo kama lile chini ya tambi?

"Tazama wewe basi," akasema Mzee Dadi. "Wewe una darasa la saba. Imeandikwaje?"

Mfaume akachukua kijitabu. Nilikuwa karibu, nilimwona akisoma. Macho yake yalikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mwisho wa mstari. Kisha akamtazama shemeji yake, akatazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, taa yake iking'aa kwenye mwanga wa mashine.

"Imeandikwa chakula ni muhimu kwa afya," akasema. "Nyaya hazimo."

"Zimo," akasema Ziada.

"Hazimo."

"Shemeji, zimo. N, y, a. Hapa chini ya kidole chako."

"Mwanamke, unanifundisha kusoma?"

Wakati huo Bi Mwahija alitema tambuu ndani ya kopo. Sauti ile ndogo ilisikika ghala zima. "Yule mwenye mashine," akasema, "azime hilo gari lake, aje aseme."

Mtu mmoja akamgusa Eusebio, akampokea waya, injini ikanyamaza, na taa ya mashine ikaanza kufifia polepole kwa betri peke yake. Eusebio akaja akifuta mikono, uso umejaa furaha.

"Kijiji gani hiki!" akasema. "Sijawahi kuona lishe inapendwa namna hii!"

"Bwana Eusebio," Mzee Dadi akamwambia, "tusomee hapa. Picha ya tano."

Eusebio akasoma kimya. Furaha ikamtoka usoni kama maji kwenye kikapu. Akapindua ukurasa mmoja mbele, mmoja nyuma. Angeweza kusema lolote. Wakubwa wake wasingejua. Akavua kofia.

"Ndugu zangu, kosa ni langu. Hiki ni kijitabu cha trekta. Nimeleta picha za chakula na maneno ya trekta." Kisha akamgeukia Ziada. "Na huyu dada amesoma sawasawa. Nyaya zimo. Hakuruka hata nukta."

Mzee mmoja akasema, kwa uchungu wa kweli, "Kwa hiyo trekta lenyewe limekuja kama picha za keki?" na ghala likapasuka kwa kicheko.

Eusebio alitaka kufungasha. Hawakumkubalia. "Washa gari!" walipiga kelele. "Dada, soma! Tumalizie trekta letu!" Mfaume alikuwa amerudi kwenye baiskeli, akichezea kengele bila kuipiga. Ziada akakichukua tena kijitabu, akaweka kidole chini ya mstari.

*Ta.* Kitoto cha figili kimoja, peke yake, katikati ya sahani kubwa kama ungo.

"Ikitunzwa vizuri, italima ekari kumi kwa siku."

*Ta.* Mwanamke mwenye herini, anaonja mchuzi kwa kijiko.

"Usionje kwa ulimi ili kujua kama ni dizeli."

*Ta.* Kichwa cha nguruwe kwenye sinia, na tunda limetiwa kinywani. Mshangao. Mtu akasema "Astaghfirullah." Ziada hakuinua macho.

"Mgeni yeyote asiiendeshe bila kibali cha Mwenyekiti."

Mzee Dadi akasimama wima. "Na kibali sitoi!" akatangaza. Mpaka leo watu wa Kinjumbi wanasema hiyo ndiyo hotuba yake bora kuliko zote.

Picha ya mwisho ilikuwa sahani tupu, safi, kisu na uma vimelazwa kando.

"Ikiharibika kabisa," akasoma Ziada, "toa taarifa kwa wakubwa, kisha usubiri."

Wale waliokuwa wamesubiri miaka miwili walicheka mpaka wakalia. Mimi nimekaa katika majumba ya sinema ya bandari nyingi, nimesikia maneno ya lugha moja yakibandikwa kwenye vinywa vya lugha nyingine, lakini sijaona tena ukuta na watu wakielewana kama siku ile.

Betri ya Land Rover ilikufa jioni hiyohiyo, tukabaki Kinjumbi siku tatu. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani asubuhi ya pili yake, Bi Mwahija alipotoka ndani na kopo la bati la majani ya chai. Ziada alikuwa uani anatwanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Weka mchi chini. Nawa mikono."

Ziada akanawa. Bi Mwahija akafungua kopo. Ndani zilikuwamo barua zote za Bakary, kumi na moja, zimekunjwa, zinanukia chai.

"Jana niliwatazama watu wawili mbele ya karatasi moja," Bi Mwahija alisema. "Mmoja alisema kilichopendeza. Mwingine alisema kilichoandikwa, watu wote wanaona keki, naye anasema oili. Mimi sijui kusoma, lakini kutazama najua. Soma. Na usitie chumvi."

Ziada akachukua ya juu. Alisoma polepole, kidole chini. Salamu kwa mama. Wajomba na mashangazi. Kisha akasimama.

"Endelea," akasema Bi Mwahija.

"Mama, hapa..."

"Kama ilivyo."

"'Mama, baiskeli yangu nimekwisha kusema mara nyingi ifungwe kamba juu ya dari. Asiiguse mtu, na hasa Mfaume, kwa sababu breki zake ni miguu.'"

Barabarani kengele ya baiskeli ililia, Mfaume akapita akielekea dukani, akapunguza mwendo kwa kuburuta viatu.

"Soma tena hapo pa breki," akasema Bi Mwahija.

Ziada akasoma tena. Kisha akaendelea mpaka chini, mahali palipokuwa tarehe. Haikuwa tarehe. Ilikuwa mistari minane, nayo ilikuwa yake. Hiyo aliisoma kwa sauti pia, kwa sababu aliambiwa kama ilivyo, ila sauti ilikuwa inapungua na mimi nikageuza uso kutazama minazi. Nilisikia mstari wa mwisho tu: "Nasikia kuna darasa hapo. Ziada akijua kuandika, namwomba aniandikie mwenyewe. Nimechoka kupokea mwandiko wa Mfaume."

Barua zote kumi na moja zilikuwa na mistari yake, nyingine minane, nyingine kumi. Zilichukua asubuhi nzima. Unga haukutwangwa. Katikati ya barua ya saba Mfaume alirudi kutoka dukani, akawaona, akaona kopo, akashuka kwenye baiskeli kabla hajaambiwa. Aliiegemeza ukutani kwa upole mkubwa.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba. Leta kamba," akajibu Bi Mwahija.

Hakukuwa na ugomvi zaidi ya huo. Siku hizi Mfaume ni karani wa ghala, na yeye mwenyewe ndiye anayepiga kelele ya "Maji?" kwenye harusi. Trekta halijafika, kuku wa Mzee Dadi wameongezeka.

Barua ya kwanza ya Ziada iliandikwa siku ileile kwa kalamu ya Mfaume, ile inayoandika. Nilipoondoka, bado walikuwa barazani. Bi Mwahija alikuwa anatoa maneno, mkwewe anayashusha karatasini, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo.

"Mwambie mama yake hajambo. Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Mwambie baiskeli iko darini. Umeandika?"

"Nimeandika."

Bi Mwahija akafikiri kidogo, akakunja tambuu jipya.

"Mwambie oili imekaguliwa. Hataelewa, lakini andika."